Joto, Kisu na Kipimo: Kukereza Shafti ya Stenlesi

Shafti ya pampu ya maziwa yenye kipenyo cha milimita 25, inayotakiwa kuingia kwenye tundu la pangaboi lake bila kulegea wala kulazimishwa, kwa kawaida huruhusiwa kupungua kwa milimita 0.021 tu, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele, na hairuhusiwi kabisa kuzidi. Nafasi hiyo kati ya kipimo kikubwa na kidogo kinachokubalika ndiyo ruhusa ya kipimo. Kwenye chuma laini cha kawaida, mkerezaji mzoefu huifikia ruhusa hiyo bila taabu kubwa. Kwenye chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wengi hukiita stenlesi, mambo hubadilika, na sababu yake haiko kwenye upya wala bei ya mashine, bali kwenye namna chuma hicho kinavyolizuia joto lisisambae na kinavyozidi kukaza pale kinapoguswa na kisu.

Haja ya kazi hiyo ipo Sakina, Arusha, kama ilivyo kwingineko kuuzunguka Mlima Meru, kwa kuwa mashine za maziwa, za vyakula na za kusukuma maji hazingoji spea iagizwe ng'ambo. Stenlesi ilianza kujulikana viwandani baada ya Harry Brearley kuyeyusha chuma chenye kromi nyingi mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Kromi ikifika walau asilimia 10.5, hushikana na oksijeni ya hewa na kuufunika uso wa chuma kwa utando mwembamba usioonekana, ambao ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe. Aina iitwayo 304 ina kromi takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ilhali 316 huongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili kuhimili kloridi, chumvi inayotoboa utando huo kwa vishimo vidogo na inayoachwa na dawa nyingi za klorini za kusafishia vyombo vya maziwa. Ikumbukwe kwamba sumaku, ambayo mafundi wengi huitumia kuitambua stenlesi, haitoshi: 304 na 316 hazivutwi zikiwa zimelainishwa kiwandani, lakini huweza kuvutwa kidogo baada ya kupindwa au kukerezwa, na zipo stenlesi halisi, kama 420, zinazovutwa moja kwa moja.

Ugumu wa kwanza unatokana na kukaza kwenyewe. Kisu kinapokata 304, tabaka jembamba lililo chini ya mkato hubanwa na kuwa gumu kuliko chuma kilichobaki ndani, kwa hiyo mzunguko unaofuata hukikuta kisu kikikabili uso mgumu zaidi. Mkerezaji mwoga, anayeona usalama kwenye kukwangua kidogo kidogo, ndiye anayejiumiza, kwa kuwa kisu kinachopita juu juu hakikati bali husugua, na kila msuguo huongeza ugumu mpaka makali yenyewe yanakatika. Inafaa kisu kiwe kikali kweli, kisogee kwa mwendo usiosita, tuseme milimita 0.15 hadi 0.25 kwa kila mzunguko, kiingie chini ya tabaka lililokaza, na kisiachwe kimesimama kikigusa shafti inayozunguka. Kwa sababu hiyohiyo mashine kuukuu si kikwazo mradi haitetemeki, na pesa ya kubadili beringi za kichwa chake ina faida kubwa kuliko ya kununua kisu cha bei mbaya.

Ugumu wa pili ni joto. Stenlesi ya aina hizi hupitisha joto kwa takriban theluthi moja ya kiwango cha chuma cha kawaida, na hivyo moto wa mkato, badala ya kukimbilia ndani ya shafti, hurundikana kwenye makali. Dawa yake ni kupunguza kasi. Kwa kisu cha haispidi, yaani aloi ya chuma inayobaki na ugumu wake hata ikipata moto, mita 18 kwa dakika ni mwendo wa busara, na kwenye shafti ya milimita 25 hiyo ni mizunguko kama 230 kwa dakika; kisu cha kabaidi huweza kwenda mita 100, yaani mizunguko kama 1,270. Maji ya kupoozea yaliyochanganywa na mafuta yamwagike mfululizo, kwa sababu kumwagia kwa vipindi huyapasua makali ya kabaidi kwa joto na baridi vinavyopishana.

Joto hilohilo huharibu kipimo. Milimita 25 za 304 zikipata joto la nyuzi 40 zaidi ya hewa ya karakana hutanuka kwa milimita 0.017. Mkerezaji akiweka maikromita juu ya shafti yenye joto hilo, akasoma 24.990 na kuridhika, ikipoa ataikuta 24.973, chini ya mpaka wa 24.979, na kipuri kimekuwa chakavu kabla hakijafanya kazi. Kwa hiyo mkato wa mwisho unapaswa kungoja shafti ipoe. Kiwango cha kimataifa cha vipimo ni nyuzi 20 za Selsiasi, na hewa ya Arusha, jiji lililo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, haiko mbali na hapo. Hata karakana ikifika nyuzi 27, shafti na maikromita zilizokaa pamoja hutanuka zote mbili, na tofauti inayobaki ni kama milimita 0.001 tu.

Elimu ya kazi hii haiko mbali. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, TEMDO, taasisi ya umma ya usanifu wa mitambo iliyo Arusha, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na katika miaka hiyo ya 1980 kiwanda cha KMTC kilichojengwa wilayani Hai kwa msaada wa Bulgaria kilitengeneza mashine za kukerezea zenyewe.

Shafti iliyofikia kipimo bado huweza kushika kutu, endapo imesuguliwa kwa msasa uliotumika kwenye chuma cha kawaida, kwani chembe za chuma hicho hubaki zimejichoma usoni na kuanza kutu zikikutana na maji. Msasa wa stenlesi hutengwa, mafuta huoshwa kwanza, kisha kipuri huzamishwa kwenye asidi ya sitriki, ambayo huziyeyusha chembe hizo na kuuacha utando wa kromi ujijenge, na mwishowe husuuzwa kwa maji safi na kukaushwa kabla ya kufungwa kwenye pampu.