Redio za Upepo Zilizostaafishwa na Safari ya Sauti kati ya Ripita

Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipoagiza kwamba kufikia tarehe 1 Januari 2013 watumiaji wa kibiashara na wa usalama wa umma, katika masafa ya megahezi 150 hadi 174 na 421 hadi 470, wapunguze upana wa chaneli zao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5, redio nyingi za upepo zilizofungwa kwenye magari ya kazi zilikosa ajira zikiwa bado nzima. Agizo hilo halikuwabana waendesha redio wa ridhaa, yaani raia wenye leseni wanaowasiliana kwa mawimbi pasipo malipo, nao wakazikaribisha redio hizo ili ziunganishe ripita zao.

Ripita ni kituo cha mlimani au cha juu ya jengo refu, ambacho hupokea mawimbi katika masafa fulani na papo hapo kuyarusha upya katika masafa mengine, hata redio ya mkononi ikasikika mbali kuliko nguvu zake. Eneo likizidi upeo wa ripita moja, kila kituo huongezewa redio ya kiungo, ambayo kazi yake ni kupokezana sauti na kituo jirani.

Kiini cha kuigeuza redio ya gari kuwa kiungo ni mahali sauti inapochukuliwa. Kabla ya kurushwa, sauti nyembamba hukuzwa kwa desibeli 6 kwa kila oktava, yaani kila masafa ya sauti yanapoongezeka maradufu, na kipokeaji huzishusha kwa kiasi hichohicho ili mvumo upungue. Fundi anayeunganisha waya wa spika na wa maikrofoni huilazimisha sauti ipitie hatua hizo, pamoja na vichujio vyake, upya katika kila kituo, na baada ya vituo vitatu au vinne maneno huwa mazito na yenye kukwaruza. Dawa yake ni kuichukua sauti ikiwa ghafi, mara tu mabadiliko ya masafa yanapogeuzwa kuwa sauti, na kuiingiza kwenye kirushaji kinachofuata bila kuigusa. Hapa ndipo Motorola GM300 inapostahili sifa: tundu lake la nyuma lenye pini 16 huingiza sauti ghafi kwa pini ya 5 na kuitoa kwa pini ya 11, jambo ambalo redio nyingi za dukani haziruhusu kwa urahisi.

Redio iliyoundwa kwa megahezi 450 hadi 470 huhitaji pia kushushwa hadi chini ya 450, mwisho wa bendi ya ridhaa, na mara nyingi programu yake ya zamani hukataa namba hizo. Joto nalo si la kupuuzwa, kwa kuwa redio ya gari huundwa kwa ajili ya mazungumzo mafupi, ilhali kiungo huweza kurusha kwa dakika nyingi mfululizo. Kwa hiyo nguvu hupunguzwa, feni huongezwa, na antena ya Yagi inayoelekezwa kituo cha pili hufidia wati zilizopotea.

Mwishoni fundi hurusha toni ya hezi 1,000 yenye mchepuko, yaani kiasi ambacho masafa huyumba kutoka katikati yake, wa kilohezi 3 kwenye ripita ya kwanza, kisha hurekebisha viwango hadi ripita ya mwisho itoe kilohezi 3 zilezile.