Kijiko Kimoja, Kikombe Kipi?

Nyumbani kwetu Kibosho nimechuma kahawa tangu utotoni, ila mezani tulikunywa chai. Buni yote ilipelekwa chama cha msingi, kisha KNCU, ushirika ulioanzishwa mwaka 1933. Kupima kwa gunia tulikujua. Kupima kwa kijiko nimejifunza ukubwani, hapa Moshi mjini, niliponunua mashine ya umeme ya kuchuja kahawa.

Mwanzoni sikuzielewa alama za vikombe kwenye jagi lake. Kumbe “kikombe” cha mashine nyingi ni mililita 125 hadi 150 tu, karibu nusu ya kikombe changu cha chai. Nilijaza vikombe vyangu vinne vya maji, nikatia vijiko vinne vya kahawa, nikapata maji ya rangi. Iliniuma, maana kahawa ile ilitoka shambani kwa baba.

Sasa natumia mizani ndogo ya jikoni: gramu 60 za kahawa iliyosagwa kwa lita moja ya maji. Asiye na mizani atie vijiko viwili vya mezani kwa mililita 180, lakini kijiko hudanganya. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi ni nyepesi, hivyo kijiko kilekile hubeba gramu chache. Tena kahawa isisagwe laini kama unga wa ngano. Itaziba chujio na kuwa chungu. Mimi naitaka ya chengachenga, kama mchanga.

Juzi baba alishuka mjini. Akanywa bila sukari, akanyamaza kidogo.

“Mwanangu, hii ni ya kule juu, karibu na mfereji?”

Ndiyo, baba. Ni ya kulekule.