Ngoma Iitayo Jina la Mfalme

Somo la leo ni juu ya muziki wa senema.

Mwaka 2018 ilitoka huko Marekani senema iitwayo Black Panther. Ni hadithi ya shujaa T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni katika Afrika. Mtungaji wa muziki wake, Ludwig Göransson, ni mtu wa Sweden. Hakubahatisha. Alikwenda Senegal, akafuatana na mwimbaji Baaba Maal, akawasikiliza wapigaji.

Huko kuna ngoma iitwayo tama. Mpigaji huibana kwapani. Akizikaza kamba zake, sauti hupanda, akizilegeza, hushuka. Hivyo ngoma huiga sauti ya mtu asemaye. Katika senema hii, tama huliita jina la mfalme. Adui yake, Killmonger, ana filimbi ya Wafulani. Basi hata ukifumba macho, wajua nani anakuja.

Mwaka 2019 muziki huo ulipata tuzo ya Oscar.

Je, kwenu ngoma gani husema? Mwulizeni mpigaji wake, mkaandike maneno yake katika daftari. Akifa bila kufundisha, ngoma itabaki bubu.