Mark Rothko: Mchoraji wa rangi tupu aliyeacha picha 798 na kesi ndefu mahakamani

FEBRUARI 25, mwaka 1970, shehena ya picha kubwa tisa iliwasili katika jumba la sanaa la Tate jijini London, Uingereza, ikiwa ni zawadi kutoka kwa mchoraji wa Marekani, Mark Rothko. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, jijini New York, msaidizi wa mchoraji huyo alifika katika karakana yao na kumkuta bwana wake amelala sakafuni, amefariki. Alikuwa amejiua. Alikuwa na umri wa miaka 66.

Katika kipindi cha mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya kifo hicho, binti yake alifungua kesi dhidi ya watu watatu ambao baba yake alikuwa amewaita marafiki. Ni kesi iliyoutikisa ulimwengu wa biashara ya sanaa kuliko nyingine nyingi za karne iliyopita. Uzito wake hauwezi kueleweka bila kwanza kumfahamu mtu mwenyewe.

Rothko alizaliwa Septemba 25, mwaka 1903, katika mji wa Dvinsk, uliokuwa ndani ya himaya ya Urusi na ambao leo unaitwa Daugavpils, nchini Latvia. Jina alilopewa na wazazi wake Wayahudi lilikuwa Marcus Rothkowitz. Baba yake, mfamasia, alitangulia kwenda Marekani, na mwaka 1913 mtoto huyo akamfuata pamoja na mama na dada yake katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Miezi michache baadaye baba akafariki, na familia ikabaki ikihangaikia mkate wa kila siku katika nchi ambayo lugha yake ilikuwa bado ngeni kwao.

Kijana alikuwa na akili darasani. Mwaka 1921 alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale, lakini aliondoka mwaka 1923 bila shahada, akaenda New York na huko ndiko alikoangukia katika uchoraji. Kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia mwaka 1929, alifundisha watoto kuchora katika shule iliyokuwa chini ya kituo cha Wayahudi mtaani Brooklyn. Ualimu huo ndio uliomlisha, kwani picha zake hazikuwa na wanunuzi. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1938, na miaka miwili baadaye akaanza kutumia jina fupi ambalo dunia inamjua nalo.

Picha zilizompa umaarufu hazikuanza kuonekana hadi alipokuwa anakaribia umri wa miaka 50. Kabla ya hapo alichora watu, mitaa na vituo vya treni za chini ya ardhi, kisha viumbe vya kubuni vilivyotokana na visa vya kale vya Wagiriki. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maumbo hayo yalianza kuyeyuka. Ilipofika mwaka 1950, kilichobaki katika turubai zake kilikuwa mistatili miwili au mitatu ya rangi, iliyopangwa juu ya mwenziwe, kingo zake zikiwa na ukungu kama vile inaelea.

Mtu asiyezoea kazi za namna hii huuliza, na ana haki ya kuuliza, ufundi uko wapi hapo. Jibu lipo katika namna rangi ilivyotiwa. Rothko alianza kwa kupaka turubai gundi ya ngozi ya sungura iliyochanganywa na rangi ya unga, badala ya ile rangi nyeupe ambayo wachoraji wengi huitanguliza. Juu yake alipitisha tabaka nyingi za rangi nyembamba mno, nyingine karibu ya maji matupu, akichanganya mafuta, utomvu wa miti na hata mayai. Mwanga hupenya tabaka hizo na kurudi, na ndiyo maana rangi yake huonekana inatoka ndani ya picha badala ya kukaa juu yake. Picha iliyochapishwa gazetini haiwezi kuonyesha jambo hilo hata kidogo.

Aidha, alikuwa mkali kuhusu namna picha zake zinavyotundikwa. Hakutaka fremu. Alitaka zikae chini, karibu na sakafu, mwanga uwe hafifu, na mtazamaji asimame karibu kiasi cha nusu mita ili azame ndani ya rangi. Alikataa kuitwa fundi wa rangi au mtu wa mapambo. Alidai kuwa alichokuwa akieleza ni hisia za msingi za binadamu, majonzi na furaha isiyo kifani, na kwamba waliolia mbele ya picha zake walikuwa wamemwelewa.

Mtu wa namna hiyo alipewa mwaka 1958 kazi ya kuchora picha kwa ajili ya mgahawa wa kifahari wa Four Seasons, ndani ya jengo la Seagram lililokuwa jipya kabisa jijini New York. Ujira ulikuwa dola 35,000, fedha nyingi kwa wakati ule. Alikodi ukumbi uliokuwa wa mazoezi ya viungo na kuchora takriban picha 30 za rangi nyekundu iliyoiva, kahawia na nyeusi, zenye maumbo kama madirisha yaliyozibwa, wazo ambalo alisema lilitokana na ukumbi wa maktaba ya Michelangelo mjini Florence. Inaelezwa kuwa alimwambia mhariri mmoja waliyesafiri naye melini kwamba nia yake ilikuwa kuwaharibia matajiri hamu ya kula.

Mwaka 1959 alikwenda mgahawani humo na mkewe, Mell, kupata chakula. Aliporudi nyumbani aliamua picha zake hazitaning'inia pale, akajitoa na kurejesha fedha. Wapo waliosema alipaswa kujua tangu mwanzo anamfanyia kazi nani, na lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo, si wengi wanaorudisha fedha zikiwa tayari mkononi. Tisa kati ya picha hizo ndizo zilizofika London siku aliyokufa.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka 1968 mshipa mkuu wa damu ulimletea maradhi yaliyomlazimu kupunguza ukubwa wa kazi zake, na ndoa yake ikavunjika. Kazi ya mwisho kubwa, picha 14 nyeusi na zambarau kwa ajili ya jengo la ibada lisilofungamana na dini moja mjini Houston, jimbo la Texas, hakuiona ikitundikwa. Jengo hilo, lililogharimiwa na John na Dominique de Menil, lilifunguliwa mwaka 1971.

Kesi ya mirathi

Rothko aliacha picha 798. Wasimamizi wa mirathi walikuwa watatu: Bernard Reis, mhasibu wake, Theodoros Stamos, mchoraji mwenzake, na Morton Levine, mhadhiri wa elimu ya jamii za binadamu. Miezi mitatu tu baada ya kifo, watatu hao walitia saini mikataba na kampuni ya Marlborough, muuzaji mkubwa wa sanaa. Picha 100 ziliuzwa kwa dola milioni 1.8, yaani wastani wa dola 18,000 kwa kila moja, malipo yakienea miaka 12 bila riba. Zilizobaki, 698, kampuni ilipewa iziuze kwa niaba ya mirathi, nayo ikichukua kamisheni ya hadi asilimia 50.

Mell alifariki Agosti mwaka huo huo. Wakabaki Kate, msichana wa miaka 19, na Christopher, mtoto wa miaka sita. Kate alifungua kesi mwaka 1971. Mahakamani ilidhihirika kuwa Reis alikuwa pia ofisa wa Marlborough anayelipwa mshahara, na kwamba Stamos naye alipata mkataba wa kuuziwa kazi zake na kampuni hiyo hiyo. Levine alikuwa na mashaka lakini alitia saini hata hivyo.

Desemba mwaka 1975, Jaji Millard Midonick wa Mahakama ya Mirathi ya New York aliwaondoa wasimamizi wote watatu, akabatilisha mikataba, akaamuru picha ambazo hazijauzwa zirejeshwe na walioshindwa walipe zaidi ya dola milioni 9. Rufaa yao iligonga mwamba mwaka 1977. Mkuu wa Marlborough, Frank Lloyd, baadaye alitiwa hatiani kwa kuchezea ushahidi.

Sehemu kubwa ya picha zilizorejeshwa ziligawiwa kwa majumba ya makumbusho katikati ya miaka ya 1980, nyingi zikienda jumba la taifa la sanaa mjini Washington. Zilizo mikononi mwa watu binafsi zimepanda bei kwa kiwango ambacho Reis na wenzake wasingekiota: mwaka 2012 moja iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 86.9.

Fedha, hata hivyo, hazikuweza kuokoa kila kitu. Picha alizochorea Chuo Kikuu cha Harvard, zilizotundikwa mwaka 1964 katika chumba cha chakula chenye madirisha makubwa, zilikuwa na aina ya rangi nyekundu isiyostahimili jua. Nyekundu ilififia hadi kuwa samawati iliyochakaa, na mwaka 1979 zikawekwa stoo.

Kuzipaka upya kungefuta mkono wa mchoraji. Mwaka 2014 wataalamu wa Harvard walizirudisha ukutani bila kuzigusa, wakitumia mashine iliyomulika juu ya kila sehemu mwanga wenye rangi ileile iliyopotea, hatua kwa hatua. Kila siku saa 10 jioni mashine hizo zilizimwa, na wageni waliokuwamo ukumbini wakaiona nyekundu ikitoweka mbele ya macho yao.