Kadi Mkononi, Dawa Hakuna

Mwezi huu tunaziacha kidogo habari za malaria na lishe ya watoto, tuzungumzie jambo linalotusumbua karibu kila siku kwenye dirisha la dawa.

Mama mmoja mwenye shinikizo la damu aliandikiwa vidonge vya mwezi mzima. Siku ile stoo yetu ilikuwa imeishiwa. Tukamjazia fomu akachukue nje. Alikwenda famasi iliyo karibu na stendi, akaambiwa, "Mama, hapa hatupokei kadi ya bima." Nauli ya kwenda mjini hakuwa nayo. Akanunua vidonge vya siku tano kwa fedha ya mboga. Wiki ya tatu aliletwa kwetu mdomo umepinda, na mkono wa kulia hauna nguvu.

Wengi hudhani kwamba duka likiwa na kibali, basi kadi inafaa pale. Sivyo. Kibali cha kuuza dawa hutolewa na Baraza la Famasi. Kupokea kadi ni jambo lingine: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, huwa na mkataba na duka lenyewe, nalo hukubali kulipwa kwa bei za Mfuko, tena baadaye, likishapeleka madai. Mwenye duka ambaye mtaji wake wote uko juu ya rafu hizo mbili tatu atangoja hadi lini? Hatumlaumu sana akikataa.

Shida hii si ya Tanzania peke yake. Huko Marekani, jimbo la Kentucky lilitunga sheria kwamba kampuni ya bima isimkatae mtoa huduma yeyote aliye tayari kufuata masharti yake, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliiacha sheria hiyo isimame. Jimbo la Arkansas nalo, kwa sheria ya mwaka 2015, lilitaka famasi isilipwe chini ya bei iliyonunulia dawa. Mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo ikaiunga mkono. Sisi tungeitamani hii ya pili kuliko ya kwanza. Duka likiingizwa kwenye orodha halafu likalipwa kwa hasara, rafu zake zitabaki tupu.

Lakini Mfuko nao hauwezi kumfungulia mlango kila anayebisha. Wapo wanaodai malipo ya dawa ambazo hazikutoka. Wapo pia wagonjwa (tusifichane) wanaopeleka fomu dukani na kurudi na sabuni.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka dirishani, tuulize ni duka gani linapokea kadi yako. Usipande gari kwa kubahatisha. Ukifika, hesabu dawa kwanza ndipo utie sahihi. Ukipewa nusu, fomu ionyeshe nusu. Ukikosa kabisa, rudi kwetu mapema, tutazame kama daktari anaweza kukuandikia nyingine iliyopo. Vidonge vya presha usivikatishe mwenyewe, hata kama kichwa hakiumi.

Yule mama sasa anatembea kwa fimbo. Binti yake huja wiki moja kabla vidonge havijaisha, kuuliza kama dawa ipo.