Vito vya Rangi vya Mbinga na Ziwa Nyasa, na Majina Yake

Katika nchi ya Mbinga, iteremkayo toka milima ya Wamatengo hata pwani ya Ziwa Nyasa, na katika Mkoa wote wa Ruvuma upande wa mashariki yake, huonekana mawe madogo yenye rangi ambayo watu wa mbali huyatamani sana. Lakini wengi wa wenyeji hawana jina la kuyaitia, ila husema "jiwe" au "madini" tu. Na watu wa Ziwa, wakisema Kinyanja, jiwe lo lote kwao ni *mwala*. Basi mtu akipata jiwe la samawati mtoni, hulichukua kwa mnunuzi na kumwuliza, "Hili ni jiwe gani?" Hivyo mnunuzi ndiye alipaye jiwe jina, na baada ya kulipa jina hulipa na bei. Neno hili ndilo lililotufanya tuandike habari hizi kwa ajili ya walimu wenzetu na mapadre, maana upungufu wa maneno hauwadhuru wanafunzi wa lugha peke yao. Humpunguzia mchimbaji riziki yake.

1. Mahali mawe haya yapatikanapo

Mawe haya yalifanyika chini sana ardhini, kwa joto na kwa mkandamizo mkubwa, katika miamba ya kale sana inayotoka Msumbiji, kupita Tanzania, hata kufika Kenya. Wataalamu hukadiria kwamba kazi hiyo ilitendeka zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye mvua na mito iliila ile miamba, ikayachukua mawe na kuyatupa katika changarawe. Mchanga, ulio mwepesi, ulichukuliwa mbali. Mawe mazito yakatua chini. Ndiyo sababu mchimbaji huondoa kwanza udongo na mchanga mpaka aifikie changarawe, kisha huiosha katika chekeche, akiizungusha na kuitikisa majini ili mawe mazito yakusanyike chini.

Katika Mbinga mahali panapojulikana zaidi ni Amani Makoro. Upande wa mashariki, katika Mkoa huo huo, ni Tunduru, hasa kando ya mto Muhuwesi. Habari za sehemu hizi zilienea kwa wafanya biashara katika miaka ya 1990, na watu wengi wakaja kutoka mikoa mingine na nchi nyingine. Upande wa Songea na Mbinga jiwe lililopata sifa ni yakuti. Tunduru hutoa aina nyingi pamoja: yakuti, spineli, ganeti, krisoberili, na aleksandraiti iliyo adimu.

Rangi za mawe haya ni nyingi ajabu. Yako ya samawati, ya kijani kibichi, ya urujuani, ya manjano, ya waridi, na mengine yaliyo kati ya rangi mbili, hata ni vigumu kuyataja. Tena mengi ni madogo, na mara chache mtu huona mawili yaliyo sawasawa.

2. Majina

Karibu maneno yote ya Kiswahili yahusuyo vito yalikuja kwa njia ya bahari. *Johari* na *feruzi* asili yake ni Uajemi. *Almasi* na *zumaridi* tulipewa na Waarabu, nao waliyapata kwa Wayunani. *Sonara*, yaani mfua dhahabu na fedha, ni neno la Bara Hindi. Lakini *kito* ni neno la ki-Bantu kwa umbo lake, nalo hufaa kwa kila jiwe la thamani.

Neno linalostahili kuangaliwa zaidi ni *yakuti*. Kiingereza kina majina mawili kwa jiwe hili: jekundu lina jina lake, na la samawati lina jina jingine, kana kwamba ni mawe mbalimbali. Wachimbaji wetu nao wamefuata desturi hiyo, husema "rubi" na "safaya". Lakini Waarabu tangu zamani waliita yote *yakuti*, wakaongeza rangi tu: yakuti nyekundu, yakuti ya samawati, ya manjano, nyeupe. Na elimu ya leo yaonyesha kwamba wao ndio walionena sawa. Yakuti zote ni madini moja, iitwayo korundamu, iliyofanywa kwa alumini na oksijeni. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Ikichanganyika na kromi kidogo huwa nyekundu. Ikiwa na chuma na titani huwa ya samawati. Ikiwa na chuma peke yake yaweza kuwa ya manjano. Watu wa Ulaya hawakulitambua jambo hili vema mpaka mwishoni mwa karne ya 18. Basi Kiswahili kimerithi jina lililo bora, wala haitupasi kuliacha.

Hata hivyo, msomaji wa maandiko ya kale na ajihadhari, maana majina ya vito yamehama toka jiwe moja hata jiwe jingine. Jiwe la samawati ambalo Wayunani wa kale waliliita *sapfeiros*, ambalo katika Biblia ya Kiswahili ni *yakuti samawi*, wataalamu wengi hudhani lilikuwa lile jiwe la buluu lisilopenya nuru litokalo Afghanistan, wala si yakuti ya leo. Padre afundishaye habari ya kifuko cha kifuani cha Haruni na mawe yake 12 atafanya vema kuwaambia watu hivyo. Hata wafalme walidanganyika: lile jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji ya Uingereza lilihesabiwa karne nyingi kuwa yakuti, kumbe ni spineli.

3. Mapambo ya zamani

Rangi ilipendwa katika nchi hizi kabla jiwe lo lote la Mbinga halijauzwa. Livingstone alipofika Ziwa Nyasa katika Septemba 1859 aliwaona wanawake waliovaa kipande cha mti, au cha pembe ya ndovu, au cha bati, katika mdomo wa juu. Shingoni na mikononi watu walivaa shanga na nyaya za shaba.

Lakini rangi ya shanga hizo ilitoka ng'ambo. Shanga za kioo zilifanywa Venice na Bara Hindi; akiki nyekundu ilichongwa Khambhat katika Gujarat. Zilishushwa pwani, na misafara ikazichukua kutoka Kilwa hata Ziwani, na misafara hiyo iliporudi ilichukua pembe za ndovu na watumwa. Kila namna ya ushanga ilikuwa na jina lake, na mfanya biashara asiyeyajua majina alipata hasara. Burton, aliyesafiri bara katika miaka ya 1857 hata 1859, aliandika kwamba ushanga mwekundu uitwao *samisami* ulikuwa na jina jingine, *kimara-pamba*. *Pamba* hapa si ya kusokotea nyuzi, ni lile neno la kale la vyakula vya safari. Yaani ni kitu kimalizacho chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa chakula chake ili aupate.

Haifai jina hilo lisahauliwe. Zamani wazee walitoa nafaka yao wakapewa kioo chenye rangi. Siku hizi wajukuu wao hutoa jiwe lenye rangi, lililo la kweli na la nadra, wakapewa nafaka ya wiki mbili au tatu. Katika biashara zote mbili aliyeyajua majina ndiye aliyepata faida.

4. Sababu ya kupendwa katika kazi ya mkono

Huenda mtu akauliza, "Mawe madogo namna hii, yasiyolingana, yana faida gani?" Jibu lake hutegemea ni nani anayeyatumia. Kiwanda kifanyacho pete elfu za namna moja hutaka mawe elfu ya kipimo kimoja na rangi moja. Mawe ya Mbinga hayawezi kukitosheleza. Lakini sonara afanyaye kazi kwa mkono hufanya pete moja kwa ajili ya mtu mmoja. Yeye hutafuta jiwe moja tu, na akiliona la rangi ya moshi wa jioni, au la kijani kilichochanganyika na samawati, hulifurahia kwa kuwa hajapata kuona mfano wake. Upungufu ule ule ulioliondoa jiwe kiwandani ndio ulioliletea heshima mezani pake.

Kazi yake huanza kwa kulitazama jiwe. Yakuti ina tabia ya kuonyesha rangi mbili: ukiitazama upande huu ni samawati safi, ukiigeuza huelekea kijani. Mchongaji hana budi kuchagua upande utakaotazama juu kabla ya kuligusa gurudumu, maana akikosea hawezi kurudi nyuma. Kisha hulisugua kwa unga wa almasi, akijitahidi asipoteze uzito bure. Jiwe lisilopenya nuru vizuri hulichonga mviringo kama mgongo wa kobe. Lililo safi hulitia nyuso nyingi ndogo ili mwanga uingie na kurudi.

Mwisho hulikalisha katika fedha au dhahabu. Njia ya kale ni kulizungushia ukingo mwembamba na kuukunja polepole juu ya ubavu wake. Ukingo huo waweza kufuata umbo lo lote, hata lisilo la duara wala la yai, na kwa hiyo wafaa sana kwa mawe yetu. Njia nyingine ni kulishika kwa makucha madogo, ili nuru ipite pande zote. Sonara mwema hufikiri pia juu ya ugumu wa jiwe. Yakuti ni ya 9 katika kipimo cha ugumu ambacho almasi ni ya 10, krisoberili ni 8 na nusu, na spineli ni 8. Zote zafaa kwa pete ya kila siku. Tanzanaiti ya Mererani, ijapokuwa nzuri, ni laini zaidi, na ni salama zaidi katika kipuli au kidani.

Juu ya aleksandraiti twaongeza neno moja. Ni aina ya krisoberili iliyopata jina lake Urusi katika miaka ya 1830, kwa heshima ya Alexander, mrithi wa kiti cha Tsar. Mchana huwa ya kijani, na usiku mbele ya mshumaa huwa nyekundu. Mchimbaji aliyeiona mchana tu aweza kuiuza kwa bei ya jiwe la kijani lisilo na sifa.

5. Moto na ukweli

Desturi ya kuchoma yakuti ili rangi yake itakate ni ya kale, nayo haina lawama ikiwa muuzaji huisema. Lakini katika 2001 yalionekana sokoni mawe mengi ya rangi ya chungwa na ya waridi, yaliyofanana na yakuti adimu ya Sri Lanka ambayo huitwa kwa jina la ua la yungiyungi. Mengi ya mawe hayo yalikuwa ya Madagascar, na mengine ya Songea, nayo yalichomwa Chanthaburi katika Thailand. Mwanzoni mwa 2002 wataalamu wa maabara walitoa onyo: mawe yalichomwa katika joto kali mno pamoja na vipande vya krisoberili, na kitu kiitwacho beriliamu kikatoka humo kikaingia ndani ya yakuti na kuigeuza rangi. Wanunuzi walikuwa wamelipa bei ya rangi ya asili. Tangu hapo wengi wakaliogopa kila jiwe la chungwa, hata lile ambalo moto haujaligusa.

Waliopata hasara si wanunuzi peke yao. Mchimbaji wa Mbinga, ambaye hakuchoma cho chote, naye aliguswa, kwa kuwa jina la nchi yake lilitajwa pamoja na udanganyifu. Jina la mahali ni sehemu ya thamani ya kito, nalo likichafuka halisafishwi upesi.

6. Yatupasayo walimu

Tangu 2019 Serikali imefungua masoko ya madini mikoani, ambapo mauzo hufanyika hadharani, na huko Arusha kiko Kituo cha Jemolojia kifundishacho kuchonga na kutambua vito. Hayo ni mema. Lakini kijana atakayefaidiwa nayo ni yule aliyefundishwa mapema. Kwanza, na ajue uzito: karati 5 ni gramu 1. Pili, na ajue majina, aseme yakuti na kuitaja rangi yake.

Tatu, na ajue kupima kwa maji, kama alivyofanya Al-Biruni karibu miaka elfu iliyopita. Jiwe lipimwe kwanza hewani, kisha lifungwe kwa uzi mwembamba na kupimwa likiwa ndani ya maji. Yakuti hupungukiwa robo ya uzito wake. Jiwe la gramu 2 litakuwa gramu 1 na nusu. Jiwe jeupe la kawaida la kwatzi hupungukiwa zaidi ya theluthi, na kioo kadhalika. Ganeti huikaribia yakuti, kwa hiyo kipimo hiki hakimalizi shaka yote, lakini humtenga mtu na makosa makubwa. Kazi hii yataka mizani nyepesi ya shule, uzi, na bilauri ya maji tu, nayo yaweza kufanywa darasani katika saa moja. Mwanafunzi aliyeifanya kwa mkono wake, akienda siku moja kwa mnunuzi, hatauliza, "Hili ni jiwe gani?" Atasema, "Nimeleta yakuti ya kijani, karati 6, haijachomwa," kisha atangoja kusikia bei.