Je, Wajua? Hata Mwenye Nyumba Ni Mpangaji

Guta ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Bunda, mkoani Mara, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Guta pia ni chombo cha mizigo chenye magurudumu matatu, kile kinachobeba kitanda, jiko na ndoo za mpangaji siku ya kuhama. Jina moja, mambo mawili. Basi tupakie humo maajabu ya nyumba na pango, twende.

Pango si la popo tu

Kiswahili kimewapa popo na wapangaji neno moja: pango ni uwazi ndani ya mwamba, na pango ni fedha ya chumba. Kupanga nako ni kukodi nyumba, na ni kuweka mambo sawa kabla ya kuyatenda. Ndiyo maana ofisa mipango miji na kijana wa chumba kimoja wanagawana kitenzi, ingawa mmoja hupanga mji mzima na mwenzake hupanga afike vipi mwisho wa mwezi.

Neno la mdomo ni mkataba

Umekabidhiwa ufunguo bila karatasi yoyote? Usidhani uko hewani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inakubali upangaji wa mwaka mmoja au pungufu uwe wa maandishi au wa mdomo. Na kama muda haukutajwa, anayelipa kila mwezi huhesabiwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, hivyo notisi ya kuondoka isipungue mwezi. “Kesho nikute umetoka” si lugha ya sheria hiyo. Hata hivyo andika: mdomo ni rahisi kutamka, mgumu kuthibitisha.

Paa likivuja, ndoo si jibu

Sheria hiyohiyo humbebesha anayepangisha nyumba wajibu wa kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu, hata mkataba ukinyamaza. Nyumba ikiharibiwa kwa moto au mafuriko bila kosa la mpangaji, kodi yote au sehemu yake husimama, na isipotengenezwa ndani ya miezi 6 mpangaji anaweza kuvunja upangaji kwa notisi ya mwezi mmoja. Kwa watu wa kando ya ziwa, wanaojua maji yanavyoweza kupanda hadi kizingitini, hilo si jambo la vitabuni.

Kodi inayopita kwenye waya

Tangu 2021 kodi ya majengo Tanzania hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ule unaolipiwa kabla ya kutumika. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa jengo la kawaida, na Julai 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kichekesho ni kwamba kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji! Nyumba ya vyumba sita na mita moja hapo huhitaji mhasibu, na mapatano na mwenye nyumba kabla taa hazijazimika.

Kata yako haina tena rungu

Zamani Baraza la Kata liliweza kusikiliza mgogoro wa ardhi na kutoa uamuzi. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yalilivua nguvu hiyo: sasa kazi yake ni kupatanisha tu, tena ndani ya siku 30. Ikishindikana, mlango unaofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo ugomvi wa nyumba Guta huanzia kwa wazee wa kupatanisha kabla haujafika kwa mwenyekiti wa kuhukumu.

Breki za jirani

Uganda, kwa sheria yake ya 2022 ya wenye nyumba na wapangaji, haiachi kodi ya nyumba ipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi inayolinda nyumba za kuishi ambazo pango lake halizidi shilingi 2,500 za huko kwa mwezi, kiwango kilichoachwa nyuma sana na bei za Nairobi. Tanzania nayo ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi, ya 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni mapatano, na anayeshika ufunguo ndiye mwenye sauti nene.

Manispaa iliyojenga kilomita nzima

Mwaka 1923 halmashauri ya jiji la Vienna, Austria, ilianzisha kodi maalumu ya ujenzi wa makazi: anayeishi kifahari alilipa nyingi, wa chumba kidogo akalipa kidogo. Moja ya matunda yake ni Karl-Marx-Hof, jengo la 1930 lenye nyumba 1,382 na urefu wa zaidi ya kilomita moja. Panga viwanja kumi vya mpira kwa urefu, goli kwa goli, ndipo utaona mwisho wake. Na mpaka leo watu wanaishi humo.

Tani 12 za vyombo

Serikali ya Tanzania ikitwaa ardhi yako, kanuni za fidia za 2001 hazihesabu kuta peke yake. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36, yaani pango la miaka mitatu. Kisha kuna gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Tani 12 ni magunia 120 ya kilo mia mia! Bunda wanaijua hesabu ya fidia: kata ya Nyatwali, katika halmashauri hiyohiyo ya Guta, imeguswa na mpango wa kuhamisha watu ili wanyamapori wa Serengeti wafike ziwani.

Laki moja iliyobadili miji

Aprili 1971 Tanzania ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuwa akiyatumia yote. Jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Yote yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa siku moja, maelfu ya wapangaji walilala wakiwa na mwenye nyumba mmoja, wakaamka wakiwa na mwingine: Serikali.

Na sasa, mwenye nyumba

Mwaka 1958 mwana wa Butiama, Julius Nyerere, aliandika “Mali ya Taifa”, akionya kwamba ardhi ikiuzwa kama nguo, wachache wataishika na Watanganyika wengine wote watabaki wapangaji. Leo ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mwenye hati ya kiwanja amepewa haki ya kukitumia kwa muda usiozidi miaka 99, na kila mwaka hudaiwa kitu ambacho ofisi ya ardhi yenyewe huita kodi ya pango la ardhi. Pango! Kwa hiyo baba mwenye nyumba akigonga mlango tarehe moja, mkaribishe kwa heshima, mpangaji mwenzako huyo.